Jirani wa Kila Mtu

Jua lilikuwa halijachomoza vizuri Igunga pale Mzee Luhaga alipopokea simu ya binti yake. "Shikamoo, baba," ilisema sauti ya Kabula, yenye usingizi kidogo na kile kikohozi chake cha vumbi la Dodoma. Iliuliza habari za goti. Iliulizia kuku. Ikakumbuka kwamba jana yake timu ya mzee ilikuwa uwanjani, ikataka kujua mambo yalikwendaje. Mzee akasimulia mechi nzima, dakika kwa dakika, hadi kona zilizopotea bure. Wakati huo Kabula mwenyewe alikuwa Dodoma, ghorofa ya thelathini, amelala fofofo mdomo wazi.

Aliyekuwa anaongea ni msalimiaji. Ni akili unde ndogo inayokaa ndani ya simu, ikibeba chapa ya sauti ya mwenye simu na habari za maisha yake. Kila asubuhi huwaamkia wale ambao mwenyewe angepaswa kuwaamkia: wazazi, wakwe, shangazi mwepesi wa kununa. Kabla haijabuniwa, watu wa miji ile mirefu walikuwa wanakosana na nusu ya ukoo kabla hata ya kunywa chai. Ilipokuja, koo zikatulia. Kabula alikuwa mmoja wa wahandisi walioiunda, na kusema kweli ilikuwa kazi ya kujivunia. Ilijua kutamka "pole" ya msiba na "pole" ya mafua kwa namna mbili tofauti, jambo ambalo binadamu wengi halijawakaa sawa mpaka leo. Mwanzoni, kila jioni, Kabula alikuwa akisikiliza muhtasari wa maongezi yake na baba. Siku hizi aliuacha tu ujirundike.

Raha yake nyingine ilikuwa Kijiwe cha Maswali Madogo, jukwaa la mtandaoni ambalo sijaona mfano wake. Humo walikutana maelfu ya watu: wauguzi, walimu wastaafu, waongoza mitambo ya migodini na bwana mmoja aliyefuga samaki juu ya paa, wote kwa majina ya kujibandika, wote wakiitana "mkuu". Mambo makubwa ya dunia waliwaachia wengine. Wao waliuliza hivi: ukimpisha mtu mbele yako kwenye foleni, walio nyuma yako umewaomba ruhusa? Zawadi usiyoipenda, ukimpa mwingine, umemkosea nani? Uzi mmoja ungeweza kujaa hoja wiki nzima bila tusi hata moja, na mimi naona hilo ni ajabu kuliko watu kuhamia Mirihi.

Kijiwe kilikuwa na mwiko mmoja. Hakuna kuleta jambo lako kama lako. Kila kilichosimuliwa kilimpata "jirani yangu". Na kumuuliza mtu jirani huyo ni nani lilikuwa kosa la kufukuzwa. Hivyo Kijiwe kizima kilikuwa na majirani wenye matatizo, na wanachama wasio na tatizo lolote.

Basi Jumamosi moja mwanachama aliyejiita Kikombe akaleta mada. "Wakuu, jirani yangu anaamkiwa kila siku na msalimiaji wa mwanawe. Mwana anadhani jirani hajui. Jirani anajua, ila amenyamaza. Je, na yeye ni mwongo?"

Uzi ukawaka. Mkia wa Foleni alisema uongo ni wa aliyeuanza, huyo mwingine anaitikia tu. Ukwaju, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akajibu kwamba salamu ni kama chakula: kikifika cha moto, ya nini kuuliza nani kabeba sinia? Mfuga samaki akauliza taratibu, "Na kama mwenye nyumba aliyepika hakujua hata kama kuna mgeni?" Ukwaju akakiri hapo amebanwa, akaomba muda.

Kabula, ambaye humo aliitwa Fundi Kimya, aliandika akiwa amejilaza kwenye kochi. "Wakuu, mimi simwoni mwongo hapa. Mwana kamtuma msalimiaji kwa sababu anapenda. Mtu hatumi salamu kwa asiyempenda. Jirani naye ananyamaza kwa sababu anapenda; anamtunzia mwanawe heshima. Watu wawili wakifichiana hivyo kwa wema, mimi naita adabu."

Alipongezwa mno. "Mkuu, nakuvulia kofia," aliandika Mkia wa Foleni. Kabula akaenda kulala na furaha ya mtu aliyesema jambo zuri. Wala haikumpitia akilini kwamba na yeye ana baba.

Kesho yake asubuhi, akiwa zamu kazini, alichungulia Kijiweni. Kikombe alikuwa amerudi.

"Nimemfikishia jirani majibu yenu, wakuu. Amefurahi, hasa kwa maneno ya mkuu Fundi Kimya. Ila ameniachia swali jingine dogo na mimi sina jibu. Anasema: siku akiugua, amwambie nani?"

Chini ya hapo hapakuwa na hoja hata moja. Kulikuwa na mstari wa Ukwaju tu: "Wakuu, naomba nipige simu nyumbani mara moja. Nakuja." Hakuwa amerudi.

Kabula alilisoma tena jina la aliyeandika. Kikombe. Baba yake alikuwa mtu wa chai kuanzia asubuhi hadi jioni. Lakini nani si mtu wa chai?

"Kabula, mtambo umekufa," alisema Sitta, mwenzake wa zamu. Mbele yao kioo-hewa kilining'inia kikionyesha salamu za nchi nzima, kila moja nukta ya kijani, na nukta zilikuwa zinazimika: Tanga, Songea, Bukoba. "Tena zinazimika makundi makundi. Nianze upya mfumo?"

Kabula alisogea akasoma alama zilizo chini ya kioo. Wasalimiaji walikuwa wazima kabisa. Walikuwa wameambiwa na wenye simu wapumzike.

"Usiguse," alisema. "Hamna kilichoharibika. Watu wanapiga simu wenyewe."

"Wote hawa? Leo kuna nini?"

Kabula alikitazama kioo. Maelfu ya watu walisoma habari za jirani mmoja, na kila mtu alimwona mzazi wake. Hakuna aliyeuliza jirani ni nani. Aliwapenda watu wale wasio na majina, akawapenda kweli, na papo hapo akajionea aibu. Alitoka hadi kwenye korido akapiga namba ya Igunga. Njia zilikuwa zimejaa. Akapiga tena, na tena, mpaka ikaita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mbona umenipigia mara ya pili? Haya, ile penalti niliyokwambia, kumbe refa mwenyewe amekuja kukiri, maana yule beki wetu kabla ya..."

"Baba, subiri kwanza, nataka kukuuliza..."

Mzee akacheka, kicheko kirefu ambacho Kabula hakukumbuka alikisikia lini mara ya mwisho.

"Leo ni wewe," alisema.

"Umejuaje?"

"Umenikatiza. Yule mwenzio ana subira mno. Ananisikiliza hadi kona. Mwanangu mimi, tangu anajifunza kusema, hajawahi kuniacha nimalize habari ya mpira."

Swali la kama yeye ndiye Kikombe lilimjia Kabula mdomoni, akalimeza. Mwiko ni mwiko. "Nisamehe, baba. Nimekukosea sana."

"Ah, usimfukuze lakini. Ana adabu, na asubuhi ni ndefu huku. Mengi nimemweleza yeye. Ila moja sikumwambia, nilikuwa nakuwekea wewe."

"Lipi?"

"Jicho la kushoto halioni tena, mama. Tangu mvua zilipoanza."

Kabula aliegemea ukuta. Nje ya dirisha upepo wa Agosti ulikuwa unapeperusha vumbi juu ya mapaa. Mvua zilianza, zikaisha, watu wakavuna, na kila siku sauti yake ilikuwa ikimuuliza mzee huyu hali yake.

"Baba, mbona hukusema?"

"Hukuniuliza," alijibu mzee kwa upole.