Malaria ya Mama Emojong

Mwaka wa 1973, ukifika Malaba na kuuliza mafuta safi ya simsim, ulielekezwa kwa mtu mmoja tu. "Nenda kwa Mama Emojong," waliambiwa wageni. Jina lake hasa lilikuwa Akurut.

Akurut alikaanga simsim kidogo, akaisaga juu ya jiwe mpaka ikawa nzito kama uji. Kisha alimimina maji ya moto na kukoroga. Mafuta yakipanda juu, aliyateka kwa kijiko, akayachemsha, akayachuja kwa kitambaa cheupe. Watoto wachanga walipakwa mafuta hayo. Mabibi harusi walipakwa. Wazee wenye nyayo zilizopasuka walipakwa pia.

Mwanamke hodari huyo, jamani! Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, watoto sita na wajukuu wawili. Alilima simsim mwenyewe, akavuna mwenyewe, akabeba mwenyewe mpaka sokoni. Kitu kimoja tu kilimshinda. Hakuwa na kichanja cha kuanikia. Aliegemeza matita ya simsim kwenye ua, na mbuzi wa jirani wakala bila haya. Kila mwaka alimwomba mumewe amjengee kichanja. Kila mwaka mumewe alisema, "Nitajenga."

Basi, mwaka huo malaria ikampenda Akurut.

Ilimjia bila kupiga hodi. Joto lilianzia kifuani, likapanda shingoni, likafika usoni. Jasho likamtoka hata nguo ikalowa. Baada ya dakika chache, kwisha! Alibaki anatetemeka kidogo, kisha mzima kabisa. Kesho yake ilirudi, tena mara tatu.

Alinunua vidonge vya malaria dukani, akameza. Joto likarudi. Akanunua vingine. Vidonge hivyo vilimwasha mwili mzima. Alijikuna kama kuku mwenye viroboto, na masikio yakavuma. Miezi saba ikapita hivyo.

"Mbu wa Malaba wamenichagua mimi peke yangu," alilalamika.

Lakini kulikuwa na jambo lingine ambalo hakumwambia mtu.

Mumewe, Ochom, alikuwa fundi wa baiskeli karibu na forodha. Walikuwa wameoana miaka thelathini. Walipendana, hata kitandani, na hilo si jambo la kuonea aibu. Sasa tendo la ndoa lilianza kumuuma Akurut. Alijisikia mkavu, kama anayekwaruzwa. Aliuma meno akanyamaza. Mwishowe alichukua mkeka wake, akahamia chumba cha pili.

"Sitaki nikuambukize malaria," alimwambia Ochom.

"Malaria huletwa na mbu, Mama Emojong. Hailetwi na mke."

Akurut alijifanya hakusikia. Ochom hakuuliza tena. Nyumba ikawa na ukimya ambao haikuwahi kuwa nao.

Sokoni, karibu na Akurut, alikaa Aluka, muuza samaki wakavu. Aluka alikuwa mdogo kwake kwa miaka kama mitano, na mdomo wake haukuwa na kifuniko. Siku moja aliwaambia wateja, "Mwanamke akifika umri fulani, basi tena. Amekauka. Mume atafanya nini na kuni?"

Watu walicheka. Akurut alicheka pia. Lakini neno hilo lilimwingia moyoni na kukaa. Amekauka.

Wiki hiyo hiyo, Ochom alileta miti tisa ya kujengea. Aliileta kwa baiskeli, miwili miwili, akailaza nyuma ya nyumba.

"Miti ya nini hii, Baba Emojong?" Akurut aliuliza.

Ochom alitazama chini. "Ya kujenga nyumba ndogo tu."

Nyumba ndogo! Mtu mzima haambiwi maana ya nyumba ndogo. Akurut aliingia jikoni, akakaa chini, akalia kimya kimya. Miaka thelathini, na sasa mke mwingine anajengewa nyuma ya jiko lake! Hakuwa na hasira hata na huyo mke asiyemjua. Aliukasirikia mwili wake mwenyewe.

Jumatatu sokoni, joto lilimpata tena. Alishika kifuniko cha sufuria akajipepea. Kisha akatoa vidonge kwenye pindo la leso.

"Weka hivyo vidonge chini!"

Aliyesema hivyo alikuwa Ziada, mke wa dereva wa lori, aliyekuja kununua mafuta. Ziada alikuwa rika la Akurut. Maneno yake yalikuwa makali, lakini moyo wake ulikuwa mweupe.

"Ni malaria, Ziada."

"Malaria ya dakika tano? Hebu niambie, mgeni wako wa kila mwezi ulimwona lini?"

Akurut alitazama huku na huku. "Miezi saba sasa."

"Na kwa baba watoto je? Kunauma?"

Akurut aliinamisha uso. Machozi yalijibu.

Ziada alivuta gunia, akakaa karibu naye. "Sikia, nyabo, dada yangu. Mficha uchi hazai."

"Mimi sitafuti kuzaa tena!" Akurut alisema, na wote wawili wakacheka katikati ya machozi.

Ziada akashusha sauti. "Mimi pia yalinipata. Mchuuzi mmoja akanidanganya nijiwekee shabu, ile ya kutulizia maji machafu. Alisema nitakuwa kama msichana. Wee! Niliungua mpaka nikashindwa kukaa. Sista Benedetta wa zahanati ndiye aliyenitibu. Alhamisi twende wote."

"Nitamwambia nini, Ziada? Naona aibu."

"Ukishindwa kusema, nitasema mimi. Mdomo ninao."

Akurut alimtazama rafiki yake kwa mshangao. Mtu alikuwa amemtolea siri yake kubwa, hapo sokoni, ili yeye apone. Alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Sista Benedetta alikuwa muuguzi na mkunga katika zahanati. Kila Alhamisi, watoto wakishapimwa uzito, aliwakaribisha akina mama watu wazima barazani nyuma ya jengo. Wanaume hawakupita huko. Siku hiyo walikuwapo kina mama wanane, Wateso, Waluhya na Waislamu wa mjini.

Kwanza Benedetta alimchoma Akurut kidole, akaingia ndani kupima damu kwa hadubini. Kisha akarudi.

"Mama Emojong, huna malaria. Hakuna kijidudu hata kimoja."

"Sasa vidonge vyote vile nilikuwa natibu nini?"

"Ulikuwa unatibu umri," Ziada alidakia. Baraza zima likacheka, na Akurut naye akacheka.

"Siku nyingine ukihisi malaria, njoo upimwe kwanza," Benedetta alisema. "Sasa nisikilizeni. Mwili wa mwanamke una vifuko viwili vya mayai. Miaka yote vimetoa nguvu fulani inayoleta hedhi. Tukifika miaka arobaini na kitu, au hamsini, nguvu hiyo hupungua. Hedhi hukoma. Si ugonjwa. Si uchawi. Si adhabu. Ndipo wengine hupata joto la ghafla. Wengine hukosa usingizi. Wengine huwa wakavu sehemu za siri, na tendo la ndoa huuma."

"Hata mimi," mama mmoja alinong'ona.

"Na mimi," akasema mwingine.

Akurut aligeuka kuwatazama. Kumbe! Alidhani yuko peke yake duniani, na kumbe walikuwa baraza zima.

"Tufanye nini, Sista?" aliuliza. Hakumsubiri Ziada amsemee.

"Kwa joto, vaa nguo nyepesi, kunywa maji, punguza chai ya moto. Kwa ukavu, msikimbilie kitandani kama mnaowahi soko. Mgusane, mzungumze, mwili upate muda. Msijioshe ndani kwa sabuni. Msiweke shabu wala majani. Tumieni mafuta kidogo, safi, yaliyochemshwa na kuchujwa, yasiyo na manukato. Yakikuwasha, acha. Na kama mnatumia mpira, msitumie mafuta, maana yanaupasua."

"Mafuta safi kama hayo tutayatoa wapi, Sista?" Akurut aliuliza kwa moyo wote.

Baraza lote likamgeukia. Kisha likalipuka kwa vicheko. Ziada alishika mbavu.

"Mama Emojong, wewe unauza nini sokoni?"

Akurut alifunika uso kwa leso. Malaba nzima ilikuwa imepakwa mafuta yake, isipokuwa yeye.

Vicheko vilipotulia, Benedetta aliongeza, "Msidhani mimba haiwezekani tena. Mpaka mwaka mzima upite bila hedhi, na kwa aliye chini ya miaka hamsini, miaka miwili. Na baada ya hapo, ukiona damu tena, hata tone, njoo upesi. Hiyo si ya kungoja." Kisha akamtazama Akurut. "Na useme na mume wako. Mafuta hayana mdomo."

Alasiri hiyo Akurut alimkuta Ochom nyuma ya nyumba, akipima miti kwa kamba. Nusura ageuke arudi. Lakini maneno ya wenzake yalikuwa bado masikioni.

"Baba Emojong, hii nyumba ndogo ni ya mwanamke gani?"

Ochom aliangusha kamba. "Mwanamke? Mwanamke gani?"

"Usinifiche."

"Nyumba ni yangu! Nilitaka kulala humo, nikuachie hii upumzike."

"Peke yako?"

"Na nani tena? Na baiskeli?" Ochom alikaa juu ya miti. "Ulihama chumba, Mama Emojong. Nikajua harufu ya gundi ya tairi imekuchosha. Nimejisugua kwa sabuni mpaka ngozi inataka kutoka."

Akurut alikaa kando yake. Alimweleza yote, joto, maumivu, neno lile la sokoni. Ochom alisikiliza akiwa ameshika mikono yake.

"Miezi saba uliumia na mimi nipo hapa hapa?" alisema. "Kwa nini uliniacha nikuumize bila kujua?"

"Niliogopa utaniona nimezeeka."

"Kwani mimi nimebaki kijana?" Ochom alipangusa macho. Kisha akatabasamu. "Na hayo mafuta, mimi ni fundi. Hata mnyororo wa baiskeli siuendeshi mkavu."

"Nyamaza, mzee wewe!" Akurut alimpiga kofi la begani, huku akicheka.

Siku hiyo mkeka ulirudi ulikotoka. Walikwenda polepole kama walivyoshauriwa, na maumivu yakapungua, kisha yakaisha. Joto bado lilikuja, lakini Akurut alilijua jina lake. Alikunywa maji, akajipepea, akaendelea na kazi. Vidonge aliviacha, na kujikuna kukaisha.

Na ile miti tisa? Ochom aliitumia kujenga kichanja kirefu, imara, ambacho mbuzi hawakukifikia. Simsim ya mwaka huo ilikauka vizuri, ikiwa imesimama wima kwenye jua.

Asubuhi moja Aluka aliingia uani. Hakuwa na samaki wala mzaha. Uso wake ulikuwa umelowa jasho.

"Mama Emojong, nilikucheka," alisema. "Sasa ni mimi. Joto linaniua. Na kwa mume wangu... nimekauka, dada."

Akurut angeweza kumjibu. Majibu alikuwa nayo tele. Lakini alitandika shuka chini, akachukua tita moja la simsim kichanjani, akaligeuza juu chini na kulitikisa. Mbegu zikamiminika kwa sauti ya mvua.

"Ikiwa mbichi haitoi kitu hata uipige," alisema. "Ikikauka ndipo inafunguka. Mafuta yangu yote yanatoka hapa."

Aluka alianza kulia. Akurut alimfuta jasho kwa leso yake.

"Alhamisi nitakupitia twende kwa Sista. Ukishindwa kusema, nitasema mimi. Sasa shika shuka upande huo."

Aluka akashika.