Hodi Kabla Ofa Haijaisha

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya Mlima Meru wakati Aikaeli alipotumwa bando.

Si chumvi. Si dawa ya kikohozi ya mtoto. Bando la intaneti, kwa sababu duka moja la magemu, lililoko sijui nchi gani huko, lilikuwa limeshusha bei kwa siku tatu na leo ndiyo ilikuwa ya mwisho, na mumewe Godbless, mtu mzima mwenye ndevu, mpagazi anayepandisha mizigo ya wageni mpaka kilele cha Kilimanjaro, alikuwa ameshindwa kuinuka kwenye kiti.

"Mama Ebe, fanya haraka. Bando linakaribia kuisha, na ofa inafungwa saa mbili."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe hafungwi saa mbili."

Aikaeli alimfunga mwanawe Ebenezeri mgongoni kwa hasira mpaka mtoto akaguna. Tangu masika yaanze na wageni wa mlima kukatika, Godbless alihamia ndani ya ile kompyuta. Alikuwa na gemu la shamba. Shamba, jamani, mwanamume wa Uru. Ng'ombe wa kwenye kioo alilishwa kwa wakati wake, akakamuliwa, akapigwa mswaki mgongoni, huku ng'ombe wa kweli akilia bandani mpaka mama mkwe, Bibi Veronika, atoke nyumbani kwake na goti lake bovu akamkatie majani. Na kila jioni sebule ilijaa sauti za vijana wasioonekana: Kornel wa Chekereni, aliyesoma na Godbless, na Ronald wa Moshi mjini, wakibishana gemu la mpira na gemu la malori lipi ni tamu, kama ndugu wanaogombea mpaka wa kihamba, shamba la urithi.

Alinunua vocha kwa Primus wa duka, hata chenji hakuihesabu, akarudi kwa njia ya mkato inayofuata mfereji, katikati ya migomba. Njiani alikuwa akisema peke yake. Nitamwambia leo. Nitamwambia achague, mimi au hilo dude lake.

Harufu ndiyo iliyomkatiza.

Jivu lililomwagiwa maji. Harufu ya moto uliozimwa kwa makusudi, mahali pasipo na nyumba wala jiko.

"Shem."

Alisimama. Sauti aliijua. Huisikia kila jioni kwenye spika, na kile kicheko chake cha puani.

"Kornel? Umepanda lini huku?"

Hapakuwa na upepo. Migomba yote imetulia tuli... isipokuwa jani moja tu, kule ndani, lililokuwa likitikisika taratibu kama la mtu anayejipepea.

"Shem, hodi."

Neno la kujibu lilishafika kwenye ulimi. Ndivyo tulivyolelewa, mtu akipiga hodi mdomo hujibu kabla kichwa hakijafikiri. Lakini Aikaeli jioni ile alikuwa amejaa hasira mpaka kooni, adabu haikupata pa kupita.

"Hodi hupigwa mlangoni, haipigwi kwenye migomba," alisema. "Kama umekuja kucheza na mwenzako, nyumba unaijua. Na sijapika."

Akaondoka zake. Nyuma yake, ndani ya mfereji, maji yakaanza kulia.

Chubwi... chubwi... chubwi...

Mtu anayetembea ndani ya maji, bila haraka.

Hakugeuka.

Alipofika alimtupia Godbless vocha mapajani. "Rafiki yako Kornel yuko huko nje, ananitania kwenye giza. Mwambie aingie na amshike ng'ombe miguu, nikamue."

"Kornel?" Godbless alikuwa akikwangua vocha, macho kwenye kioo. "Kornel yuko kwao Chekereni. Huyu hapa. Sauti imemkauka tangu jana, anaandika tu."

Aikaeli akasogea. Kwenye kioo palikuwa na picha ya gemu jipya, na juu yake saa nyekundu inayohesabu kurudi nyuma. Pembeni maneno ya marafiki yalikuwa yakipanda. Kornel alikuwa ameandika: *koo haliumi kaka. nikifungua mdomo unatoka upepo.*

"Mangi Kornel, tafuna tangawizi," sauti ya Ronald ilicheka kwenye spika. "Au umetegewa dawa kwa mke wa mtu? Oya Godi, chukua hilo gemu bwana. Asilimia tisini wameshusha. Kesho utalia."

"Sina kitu kwenye simu," Godbless alisema. "Nimebaki na bando tu."

"Si jamaa amesema anakupa? Huyo Mgeni. Soma hapo chini."

Kweli, chini kulikuwa na mtu wa nne. Hakuwa na picha, kiduara cha kijivu tu, na jina aliloandika ni Mgeni. Maneno yake yalikuwa machache.

*Gemu unalolipenda nitakupa mimi. Lichukue kabla saa haijaisha.*

"Ni rafiki yako huyu?" Godbless aliuliza.

"Wangu? Mimi nilidhani wako."

"Mimi simjui. Basi ni wa Kornel."

Mgeni akaandika tena.

*Niko mlangoni.*

"Ana maana gani mlangoni?" Ronald alikuwa bado anacheka, lakini kicheko kilikuwa kimepungua.

Hapo maneno ya Kornel yakaanza kumiminika, hayana nukta, hayana mpangilio, na Aikaeli aliyasoma yote kwa sababu yeye hakuwa akiitazama saa. *godi usimjibu jana alinipa mimi gemu akaja akapiga hodi nikamkaribisha godi ndo sauti yangu ikaondoka naye*

"Godbless. Soma."

"Subiri kidogo, zimebaki dakika..."

"Baba Ebe, soma hapo."

Mlango ukagongwa.

Ko. Ko. Ko.

"Hodi," alisema Kornel, nje, kwa sauti yake nzima isiyo na kikohozi wala mkwaruzo.

Na Godbless, vidole kwenye kompyuta, macho kwenye saa nyekundu, alijibu kama ambavyo baba yake angejibu na babu yake angejibu.

"Karibu nda—"

Haikumalizika.

Ilikatika kama bomba lililofungwa. Mdomo wake uliendelea kufunguka na kufumbika, mishipa ya shingo ikasimama, akajishika koo, akageuka kumtazama mkewe kwa macho ya mtu anayezama. Kwenye kompyuta muziki wa furaha ukaanza kupigwa. Gemu lilikuwa limeingia.

Mlango ukafunguka wenyewe.

Hapakuwa na mtu.

Harufu ya jivu la maji ikaingia, ikajaa sebuleni mpaka taa ikaonekana kufifia. Kisha, pale kizingitini, patupu kabisa, Godbless akasema kwa upole:

"Asante, mke wangu. Nipe mtoto nimshike."

Godbless mwenyewe alikuwa kwenye kiti. Mdomo umefungwa. Machozi yanamtoka.

Ebenezeri akacheka. Alimsikia baba yake. Akajinyoosha mgongoni mwa mama yake, mikono yote miwili nje ya khanga, akaielekeza mlangoni. "Baba," akasema. Wala hakumtazama aliyekuwa kwenye kiti.

Na Aikaeli akahisi khanga inalegea. Fundo la kifuani linafunguka taratibu, na hakuna kidole kilicholigusa.

Hofu ilimpata, nani asingeipata. Lakini chini ya ile hofu kulikuwa na kitu kilichokuwa kikichemka tangu masika yaanze, tangu ng'ombe alie mara ya kwanza bila kusikilizwa, na hicho ndicho kilichopanda. Akalikamata fundo kwa mkono wa kushoto, akalikaza.

"Nani amekukaribisha?" aliuliza.

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba? Huyu? Huyu hajui hata chumvi inakaa wapi. Huyu hajui mtoto wake ana meno mangapi. Muulize ng'ombe wake amezaa mara ngapi, atakutajia yule wa kwenye kioo."

"Amesema karibu."

"Amesema karibu ya mdomo. Moto wa nyumba hii nauwasha mimi. Maji nayachota mimi. Mgeni akiingia hapa, anayemwandalia ni mimi, na wewe sijakuandalia. Sina kiti chako. Sina sahani yako. Mtoto nimemzaa mimi, nimechanika mimi, wewe na huyu mlikuwa mkicheza. Sikukaribishi. Toka."

Ile sauti ya mumewe ikatabasamu. Utasema sauti haitabasamu. Hii ilitabasamu.

"Bado dakika chache, mke wangu. Ofa haijaisha."

Aikaeli hakufikiri tena. Aliinyakua kompyuta mezani, waya zikang'oka, kile chombo cha kusikilizia kikamchomoka Godbless kichwani, na akaitupa mlangoni kwa nguvu zote za mwanamke anayebeba kuni kila siku ya Mungu. Ilipofika kizingitini iligota. Iligota hewani, ikatoa mlio laini, wenye maji, kama panga linapoingia kwenye mgomba. Kisha ikapita, ikavuka uwanja, ikatumbukia mferejini na muziki wake.

Chubwi... chubwi... chubwi...

Safari hii nyayo zilikuwa zinashuka.

Bibi Veronika alikuja na tochi, amejifunga shuka. Alisimama uani, akanusa, wala hakuuliza kumetokea nini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Aliyekuja alikuwa anauza kitu?"

Aikaeli akamweleza, maneno yakigongana, bei iliyoshushwa, saa nyekundu, hodi. Mama mkwe akakaa kizingitini.

"Sisi tukiwa wasichana," alisema kwa kunong'ona, "sokoni alikuwepo mmoja. Anakuja watu wakishafunga vikapu. Hajulikani wa kijiji gani. Anauza vitu vizuri kwa bei ya kutupa. Chukua mwanangu, jua linazama, baada ya leo hupati. Mama zetu walikuwa wakituvuta mkono. Aliyechukua, jioni anapigiwa hodi."

"Alikuwa anataka nini?"

"Sijui. Waliojua hawakuweza kusema."

"Na ulijua haya yote, ukamwacha mwanao akae hapo na hayo madude usiku na mchana?"

"Soko lile lilikufa, Aikaeli. Nilidhani na yeye alikufa nalo. Nani angenambia amehamia humo?" Akamulika mfereji. Maji yalikuwa yanapita tu, meusi. "Umemtoa. Hukumuua. Na maji haya yanakwenda kwenye nyumba za watu."

"Na wao wana midomo. Wakatae."

Alisema hivyo, na usiku kucha maneno hayo yalimkereketa.

Hospitali walimmulika Godbless koo, wakasema ni zima kama la mtoto. Wakampa dawa za mshtuko, lakini sauti haikurudi. Ronald alibadilisha namba ya simu. Godbless sasa anaamka kabla ya jogoo, anakata majani, anakamua, anachota maji bila kutumwa, na akitaka kitu anagusa bega la mkewe kama mgeni anayeomba njia. Watu wanamwambia Aikaeli, walau umepata mume. Anatamani kuwapiga. Sauti ile ilimtongoza yeye njiani kutoka kanisani, ilimwimbia Ebenezeri siku ya kwanza. Ilikuwa yake pia. Hakuna aliyemuuliza kabla ya kuigawa.

Juzi jioni alikuwa akiosha vyombo uani, mtoto mgongoni. Godbless amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi. Giza lilikuwa linaanza kushika migomba.

Kutoka bondeni, kwenye nyumba ya jirani zao Filemon na Dominika, wakaisikia.

"Hodi, wenyewe."

Nzuri. Ya upole. Kama siku zile za njia ya kanisani.

Kisu kikamponyoka Godbless.

Aikaeli alisimama, povu likimchuruzika mikononi. Alitaka kupiga kelele, lakini ukipiga kelele unakuwa umejitaja. Akamwomba Mungu ombi ambalo hajawahi kuliomba: Dominika, aliyewahi kumnyima hata kijiti cha kiberiti, asibadilike leo.

"Hodi."

"Nani?" Dominika akafoka kutoka ndani. "Tumeshalala. Njoo kesho."

Asante, Mungu, kwa jirani mwenye roho mbaya.

Hata vyura walinyamaza. Kisha kwenye mfereji, mbali, maji yakaanza kulia, na Aikaeli akatega sikio ajue yanashuka au...

Yalikuwa yanapanda.

Chubwi... chubwi...

Ikaja ile harufu. Nyayo zikasimama upande wa pili wa ua wa masale, pale mpakani, hatua chache kutoka aliposimama. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Hakuutazama. Alikuwa ameshajiandaa. Matusi yote alikuwa nayo mdomoni.

Lakini sauti haikumwita yeye.

"Ebe," Godbless alisema gizani, kwa mapenzi yote ya baba. "Ebe, mwanangu. Hodi."

Mgongoni mtoto akajinyoosha. Akacheka. Siku nyingi hajaisikia hiyo sauti, na ni mtoto wa watu wenye adabu, anayejua neno moja tu la kumjibu anayebisha.

"Ka..."

Aikaeli akapeleka mkono nyuma, akaubana ule mdomo mdogo. Mkono wa Godbless ukaja juu ya wake, wenye utomvu wa ndizi. Wakasimama hivyo wawili wakiwa wameziba mdomo wa mtoto wao, na ng'ambo ya masale sauti ikaendelea, haina haraka, hodi, mwanangu, hodi...

Ebenezeri alikasirika, akamng'ata mama yake kwa meno yake yote mapya.

Damu ikatoka. Aikaeli hakuuondoa mkono.