Kompyuta Aliyouziwa Ngendo

Haya yalimpata rafiki yangu Ngendo, aliyekuwa akifundisha kompyuta katika chumba cha ghorofani mjini Nyeri, mwaka wa tisini na saba. Aliuza ng'ombe wake wawili ili anunue mashine kutoka kwa Kingori, msimamizi wa harusi yake, aliyemwapia kuwa ni Pentium mpya.

Mashine ilikuwa ikijikokota, kwa hivyo fundi mmoja akampa disketi yenye programu ya kutambua prosesa. Mchana mmoja wa Julai, ukungu ukiwa umeziba madirisha, aliiweka programu hiyo na kuiendesha, Kingori akiwa nyuma yake. Disketi ilikwaruza, kisha skrini ikaandika: 486, prosesa ya zamani kuliko Pentium.

"Kingori, ni wewe umenifanyia hivi?"

"Ni mpya, haki ya Mungu! Hiyo programu ndio iko na shida."

Hapo stima ikapotea. Chumba kikawa giza, lakini ndani ya mashine mkwaruzo uliendelea. Ngendo akachomoa waya ukutani. Mkwaruzo haukukoma.

"Umechomoa kweli?" Kingori aliuliza kwa sauti ndogo.

Ngendo alipomwekea ule waya mkononi, Kingori alishuka ngazi mbio, na mlango wa chini ukajibamiza.

Ngendo alilia peke yake kwa ajili ya mtu aliyemwamini hivyo. Kisha akasikia vibonye vya kibodi vikibonyezwa, kimoja kimoja. Skrini ikawaka. Chini ya ile 486 palikuwa na mstari mpya:

Kingori ameenda wapi?