Wilf na Neno la Mabehewa

Wilf Oldroyd hakutulia. Alibandika birika la chai, akalibandua. Alitazama saa. Saa kumi mkewe, Doreen, alitakiwa kutiwa dawa kwenye jicho lililopasuliwa.

"Wilf, acha kuzungukazunguka! Jicho linaniwasha kuliko jana."

Roho ilimruka. Siku tatu alikuwa akimtia matone yeye mwenyewe. Katika nyumba ile hakitupwi kitu, hata majani ya chai hutumika mara mbili. Basi kila kichupa cha dawa kilichobaki nusu alikiweka dirishani kwa zamu ijayo. Boksi lilikuwa na maandishi, lakini msomaji wa nyumba alikuwa Doreen, na sasa hakuweza kusoma. Duka la dawa, alipopewa karatasi ya maelezo, Wilf alisema kama kawaida yake, "Nimesahau miwani," akaondoka.

Sasa hofu ilishinda aibu. Akamgongea jirani yake Nesta, anayefundisha watu wazima kusoma pale maktaba.

"Nesta, nisaidie. Maneno marefu yananishinda. Nisije nikampofusha Doreen!"

Nesta akatazama boksi. "Kipenzi, si uliunga mabehewa ya treni miaka thelathini? Basi neno hili la boksini ni treni." Akaandika: non-re-us-able. "Injini ni hii ya tatu: use, tumia. Herufi yake ya mwisho imedondoka tu. Re ni tena. Able, huku nyuma, ni kuwezekana. Non, mbele kabisa, inakataa. Haya, unga."

Wilf akapitisha kidole kwenye vipande, kimoja kimoja. "Haiwezi... kutumika... tena." Akaruka kitini. "Mungu wangu! Nami nimevirudia vyote!"

"Vitupe. Kichupa kimoja, mara moja. Na mpigie daktari sasa hivi!"

Daktari alikuta jicho limeanza kuambukizwa. "Mmewahi," alisema. Wilf alilia bila kujificha.

Tangu hapo, kila Jumanne yuko maktaba. "Si kila neno hufunguka hivi," Nesta alimwonya. Lakini mengi yalifunguka. Unopened, alilifungua mwenyewe: un, si; open, fungua; ed, imeshafanyika. Kisichofunguliwa!

Mwezi uliofuata alirudi duka la dawa. Dada muuzaji akatabasamu. "Leo umekumbuka miwani, mzee?"

"Sijawahi kuwa na miwani," Wilf akamjibu. Akachukua karatasi ya maelezo, akaisoma palepale, kwa sauti, foleni nzima ikimsubiri.