Usimwanzishie Mwanzo

Jumamosi jioni watu walikuwa wamejazana mbele ya duka la redio pale Government Road, na Peres alikuwa ameshamkanyaga mmoja wao. Aliyekanyagwa, karani wa bima aitwaye Ogutu, hakugeuka hata. Suruali yake pana ya bugaluu ilifagia lami, macho yamenasa kwenye televisheni iliyoachwa ikiwaka nyuma ya kioo.

"Pole, kaka. Hiyo ni nini?"

"Mchezo wa Waingereza. Watu wanazunguka angani kwa chombo chao. Umeanza miaka mingi iliyopita, huwezi kuingia katikati hivi. Wacha nikuanzishie mwanzo."

Akamwanzishia. Mvua ikanyesha, ikaacha, naye bado yuko mwanzo. Peres, mpiga chapa mwenye gauni refu la maksi la maua na subira haba, alitaka kwenda zake, lakini sauti ya yule bwana ilikuwa tamu, basi akabaki.

Wakawa wanakutana hapo kila Jumamosi. Peres alimpenda sana, na alimchoka vilevile. Akisema mzee mmoja wa joho jeusi mle mchezoni anaonekana mtu mwema, Ogutu humkata kauli: msaliti huyo, na yule mama wa nywele nyeupe ni mke wa nahodha. Akiuliza amejuaje, jibu ni lile lile.

"Wewe bado mgeni, mpenzi. Maswali baadaye."

Kioo kilikuwa kinene, sauti haikutoka nje hata chembe. Peres aliamini Ogutu aliwahi kuusikia mchezo mahali pengine.

Ndipo dada yake Peres, Milcah, na mumewe Zedekiah wakanunua televisheni yao huko Westlands, wakataka kumwona huyo Ogutu. Mama yao kule nyumbani alishasema: Milcah akimkubali, naye amemkubali. Ogutu alifika na tai na viatu vya raizoni vya soli nene, akanywa chai, na kabla kipindi hakijaanza akawaonya wenyeji wake wajihadhari na yule wa joho.

Zedekiah akaongeza sauti. Mzee wa joho akafungua mdomo, akamwita nahodha mwanangu. Mama wa nywele nyeupe naye alikuwa daktari tu wa chombo. Zedekiah alicheka mpaka chai ikamwagika. Milcah hakucheka, alimtazama mdogo wake.

Kwenye kituo cha basi Peres alilipuka.

"Kumbe hata wewe hujawahi kusikia neno moja?"

"Nilikuwa nakisia tu."

"Kukosea si kitu, Ogutu. Lakini umeniita mgeni miezi yote hii, na mimi ndiye nilikuwa sawa. Tukioana, hata kwangu sitauliza kitu?"

Wiki hiyo Ogutu alipiga simu ofisini kwa Peres, naye akasema ana barua za kuchapa, akakata. Akapiga tena, akakatiwa tena. Kilichomuudhi Peres zaidi ni kwamba bado anampenda.

Jumamosi akajikuta Government Road, akijilaumu njia nzima. Mama mmoja mwenye kikapu alikuwa anamwuliza Ogutu huo ni mchezo gani.

"Sijui, mama," Ogutu akasema. "Mwenye kujua hajafika."

Peres akasogea, akasimama kati yao, akaanza kumweleza yule mama.

"Peres, nina swali," Ogutu akanong'ona.

"Maswali baadaye."

Ogutu akangoja kipindi kizima, akitokwa jasho. Televisheni ilipozimwa, Peres akamgeukia.

"Haya, uliza."

"Nikuoe?"

"Nioe. Lakini kesho uende kwa Milcah, umwambie mwenyewe. Na usimwanzishie mwanzo."