Kinachokaliaga Trekta

Kiti cha trekta kilikuwa na joto. Jeska alikigusa saa moja asubuhi, jua likiwa bado halijaingia bandani, akauondoa mkono haraka. Lilikuwa joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi, na bandani hamkuwa na mtu mwingine.

Hakumwambia mtu. Alikuwa fundi wa pampu na pikipiki pale Kitaji, Musoma, na wateja wake walikuwa wamechukua miaka mingi kuzoea kwamba fundi wao ni mwanamke. Hakutaka sasa waambiane kwamba ameanza kuona mambo.

Trekta alipewa na Mzee Makongoro wa Butiama, baada ya kumfufulia pampu ya kisima iliyowashinda mafundi watatu. Lilikuwa trekta dogo la bustani, la silinda moja, fupi kama kitanda cha mtu mmoja. Lilikaa chini ya mkuyu tangu kabla Jeska hajazaliwa, mpaka mizizi ikapita katikati ya magurudumu. Yeye na mumewe, Yusto, waliikata kwa shoka siku nzima.

Walilihitaji kweli. Shamba lao lilikuwa Nyegina, na Yusto aliyekuwa akililima kwa mikono alishaumia mgongo. Ng'ombe wa kuazima walikuwa wanapatikana mvua ikishatangulia, na mwaka uliopita mahindi yalikauka yakiwa hayajabeba. Kwa hiyo Jeska alifungua trekta hilo hadi nati ya mwisho. Alisafisha tangi kwa kokoto, akabadilisha ringi za pistoni, akalifungia kabureta ya pampu. Kisha akachukua plau la zamani la ng'ombe, akalikata mikono yote miwili kwa grainda na kulichomelea kishikio cha kulifunga nyuma ya trekta. Baada ya plau alipanga kutengeneza haro ya kuvunjia mabonge na tela.

Siku alipokata ile mikono ya plau aliinua macho akaona springi za kiti zimeshuka. Zilikuwa zimebanwa mpaka mzunguko ukagusa mzunguko, na juu ya kiti hapakuwa na kitu. Harufu ya magome mabichi na jasho la siku nyingi ilijaa bandani. Jeska aliokota spana namba ishirini na nne, akaugonga ubavu wa kiti, akasema kwa sauti ya chini, "Inuka." Springi zikapanda taratibu, kama mtu anayeinuka kwa dharau.

Jioni alimpigia Mzee Makongoro. Mzee alikiri.

"Pale chini ya mkuyu tulikuwaga tunapita mbali," alisema. "Kuna kinachokaaga pale. Nilidhani ni cha mti, mwanangu. Sikujua ni cha trekta."

Mama Dafroza, mama yake Yusto, aliyekuwa akiishi nao, aliyasikia maneno hayo. Alimwomba Jeska alirudishe trekta Butiama kesho yake. Jeska alimsikiliza mkwewe mpaka mwisho, akamjibu kwa adabu kwamba amesikia, ila trekta harudishi. Amelitoa kwenye kutu kwa mikono yake. Kama kuna mwenye haki nalo zaidi yake, aje na yeye aoneshe alichokarabati.

Jumamosi alasiri walijaribu kuliwasha. Yusto alikalia kiti, Jeska akavuta kamba ya injini mara nne, na mara ya tano ikaitika. Yusto alicheka kama kijana. Halafu kicheko kikakatika, na Jeska akaona springi zikishuka chini ya mumewe, zikashuka kupita uzito wa mwanamume yeyote, na suruali ya Yusto ikalala bapa mapajani kana kwamba imepigwa pasi, na ile harufu ya magome ikaupita moshi wa sailensa, na Yusto, midomo ikiwa imemkauka na macho yake yakitazama kitu kilicho karibu mno na uso wake, akanong'ona, "Jeska, kuna mtu amenikalia."

Walimtoa kwa kumburuta. Miguu haikunyanyuka tena. Hospitali walimpima na hawakuona tatizo. Nyumbani, godoro lilizama alipolala kama limelaliwa na watu watatu.

Siku ya tatu akaja katekista Enos kutoka Nyegina. Alisali kwa muda mrefu, jasho likimtoka, kisha akauliza ni nani aliye pale na anataka nini. Midomo ya Yusto ilifunguka, lakini sauti iliyotoka ilikuwa kavu, ya kukwaruza, ya mtu mzee sana.

"Nimezoea kukaa. Huyu mwanamke ameniondolea kivuli changu. Alirudishe trekta, au nitakaa hapa."

Mama Dafroza alimshika Jeska mkono. "Mrudishie, mwanangu. Nakuomba."

Jeska alimtazama mumewe. Alipoongea, alizungumza na hewa iliyokuwa juu ya mapaja ya Yusto.

"Kwangu hakuna anayekaa bure," alisema.

Asubuhi yake akalipakia trekta kwenye kigari cha mizigo, kirikuu, pamoja na plau na grainda na jenereta. Yusto, mama yake na katekista walifuata kwa bajaji, nayo ilikuwa imelalia upande wa Yusto kama imebeba magunia ya saruji. Shambani Nyegina walimlaza Yusto kwenye mkeka, mpakani. Jeska alifunga plau, akawasha injini, akakalia kile kiti bila kusita, akaingia.

Plau halikuuma. Lilirukaruka juu ya udongo mkavu likiacha mchubuko tu. Plau la ng'ombe hukandamizwa na mtu anayeshika mikono yake nyuma, na ile mikono alishaikata. Alikwenda hatua thelathini, akatazama mchubuko wake, akasimamisha trekta injini ikinguruma. Akaenda kwenye mkeka na grainda mkononi.

"Sikiliza," alisema kwa upole uliomtisha hata katekista. "Unapenda kukaa. Kuna mahali pa kukaa kule nyuma, juu ya plau. Ukimng'ang'ania mume wangu, trekta hili nalikata vipande sasa hivi, kiti nakipeleka kwenye vyuma chakavu kikayeyushwe, na mkuyu wako nitaufuata na shoka mpaka mzizi wa mwisho. Ukilitaka trekta, fanya kazi yake. Chagua."

Ndege waliokuwa kwenye uzio wa minyaa wakanyamaza, na Jeska akahisi kitu kikimkaribia usoni, harufu ya magome ikimjaa puani mpaka machozi yakamtoka, kitu kizito, kikongwe, kilichomtazama kwa muda ambao yeye aliuona kama mwaka mzima, naye akasimama palepale, kidole kwenye swichi, bila kurudi nyuma hata nusu hatua. Kisha majani makavu pembeni ya mkeka yakalala. Yakalala na ya mbele yake, unyayo baada ya unyayo, mstari mmoja kuelekea trekta. Chuma kililia. Plau likazama mpaka shingoni.

Yusto alivuta pumzi ndefu, akakunja goti moja, halafu la pili. Mama Dafroza akaanza kulia kimyakimya.

Jeska aliweka grainda chini, akarudi kwenye trekta, akatia gia. Udongo mweusi ulipasuka na kupinduka nyuma yake, mtaro wa kina ambao shamba lile halikuwahi kuuona hata kwa jozi mbili za ng'ombe. Alifika mwisho wa shamba, akageuka, akaanza mstari wa pili, kisha wa tatu. Hakutazama nyuma. Juu ya ngurumo ya injini alisikia kitu kikihema karibu na kisogo chake, kwa shida, kama mtu asiyezoea kulima.

Akaongeza mafuta.

"Bado mistari arobaini," alisema. "Na kesho tunaanza saa moja."