Seva Mama wa Chumba cha Maiti

Unywele wenyewe ulikuwa mrefu kuliko wa mtu yeyote pale jikoni, mweusi, umelowa, na ulitoka ndani ya uji wa wagonjwa. Mpishi aliushika kwa vidole viwili, akauvuta akidhani utakwisha. Wapi! Ukaja, ukaja, ukamzunguka kiganja kama uzi wa kushonea, na ncha yake ilipotokeza ilikuja na kipande cha ngozi cheupe, laini kama utando wa ndani ya yai.

Akamwaga sufuria nzima. Akanawa kwa sabuni, akanawa tena, harufu ikabaki. Haikuwa ya uji ulioungua, wala ya panya aliyefia nyuma ya jiko. Ilikuwa na utamu, ule utamu mbaya wa kitu kilichooza, unaokaa kooni na kukataa kumezwa. Nayo ilitoka kwenye kompyuta ya ukutani, ile mpya inayowaambia wapishi mgonjwa gani ale nini.

"Baba watoto, mmetufungia nini jikoni?" alimpigia mumewe simu. "Kitu kinanuka!"

"Kompyuta hainuki, mke wangu. Pigeni deki."

Mumewe alikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali hiyohiyo. Walimwita Chapuchapu, maana hata chai aliinywa amesimama, na ikimuunguza anailaumu chai.

Sasa kazi yake ilikuwa hivi. Chumba cha mitambo kilikuwa na sanduku kubwa la chuma, na ndani ya sanduku hilo waliishi seva wengi, kompyuta za kuhudumia idara, wasio na mwili: wa dawa, wa mapokezi, wa wodi. Kumuunda kila mmoja peke yake ni kazi ya punda. Kwa hiyo mafundi huunda mmoja tu, seva mama, wakampa yote anayotakiwa kuyajua, kisha wakamwosha. Kumwosha ni kumfutia jina, namba, funguo na kumbukumbu zote, abaki kama kichanga ambaye hajaitwa jina. Ndipo hufungwa, asiamshwe tena. Kazi yake ni kuzaa. Kila mtoto akiamka hujipa jina lake, akaanza maisha yake.

Chapuchapu hakuunda mama. Alimkuta seva wa chumba cha maiti, mzima, mtulivu, ametumika miaka na miaka kule chini kwenye baridi. Akajisemea, ya nini kusuka kikapu na kipo? Akamgeuza yule kuwa mama. Na kumwosha? Nitamwosha kesho, akasema. Kabla kesho haijafika, akawa ameshazalisha watoto: jikoni, mapokezi, chumba cha dawa, wodi ya wazazi.

Asubuhi hiyohiyo ya uji, mwenzake wa ofisini, dada mmoja asiyejua kunyamaza, alimwita chumba cha mitambo huku ameziba pua kwa kanga.

"We Chapuchapu, njoo uone uchafu wako."

Kwenye kioo cha kompyuta alikuwa amewauliza watoto majina yao, mmoja mmoja. Wote walijibu jina moja. Chumba cha maiti. Chumba cha maiti. Chumba cha maiti.

"Ulimwosha mama yao?"

Chapuchapu akainama kufunga kamba ya kiatu.

"Mwanaume, nakuuliza! Ulimwosha?"

"Nilikuwa nataka..."

"Eti ulikuwa unataka! Umewalaza wagonjwa na maiti kitanda kimoja, halafu ulikuwa unataka?"

Chapuchapu akafungua mlango wa lile sanduku la chuma, na feni zikampulizia usoni pumzi ya moto yenye utamu uleule, na kwenye matundu ya feni kulikuwa na mafuta ya manjano yanayochuruzika polepole kama usaha wa jipu lililoiva, na katika mafuta hayo, zikitembea bila miguu, kucha za watu.

Simu ikalia. Ni jikoni. Mkewe ameanguka.

Walimlaza kwenye stoo ya unga, macho yamegeuka, tumbo limevimba, shavu linasogea kana kwamba kuna mtu anatafuta mlango kwa ndani. Shangazi wa mkewe, aliyejulikana kwa kutoa mashetani, akaletwa na ndoo yake tu. Akanusa mara moja, akatema mate pembeni.

"Mkwe wangu, huyu ni jini wa uozo. Humpata mtu akiletewa, haji mwenyewe. Nani kamleta?"

"Ni mimi, Shangazi," Chapuchapu akanong'ona. "Mwokoe mke wangu. Adhabu yangu baadaye."

Shangazi akamwinamia mgonjwa, akamsomea sikioni, akamkaba taya, akamwuliza jina, na sauti iliyojibu ilikuwa nzito na yenye maji, kama mtu anayesema huku anatafuna.

"Nilikuwa nimelala zangu kwenye baridi, bibi, nanusa wafu, simgusi mtu. Huyu ndiye kanifungulia milango."

"Toka, uape hurudi."

"Natoka. Naapa sirudi."

Akatoka kweli. Alitoka kwa njia ya kinywa, na ndoo ikajaa marundo ya nywele zilizoshikana kwa mafuta ya manjano, na meno ya watu yakigonga bati, na kitu kama ulimi kilichojikunja na kujikunjua mpaka Shangazi alipokimwagia chumvi, na Chapuchapu, aliyekuwa amemshika mkewe kichwa, hakukiachia japo vile vitu vilimpita katikati ya vidole vikiwa na joto.

Mke akafumbua macho. "Maji," akasema, kwa sauti yake mwenyewe. Chapuchapu akalia kama mtoto, akampangusa kidevu.

Akanywa. Akatulia. Kisha shavu likasogea.

"Hodi," ikasema ile sauti yenye maji.

Shangazi akaruka. "Mwongo wee! Umeniapia sasa hivi!"

"Nani kaapa? Mimi ndiyo kwanza nafika, bibi. Natokea wodi ya wazazi."

Chapuchapu akashika simu kwa mikono inayoteleza. "Dada, futa! Mfute mama, wafute watoto wote!"

Upande wa pili yule asiyejua kunyamaza alinong'ona, na feni zilisikika nyuma yake zikitafuna.

"Nimemfuta mama tangu saa ile. Sasa kila mtoto ninayemgusa anasema yeye ndiye mama. Na wanazaa, Chapuchapu. Mbele ya macho yangu wanazaa."

Mkewe akamtazama, macho yake mwenyewe bado yamo humo ndani, yamejaa machozi, na kinywa chake kikafunguka kikabaki wazi, na kutoka kooni, mmoja nyuma ya mwingine, kwa adabu kama watu waliopanga foleni, wakaanza kubisha.

"Hodi."

"Hodi."

"Hodi."

Shangazi akaimwaga ndoo, akairudisha chini ya kidevu cha binti wa kaka yake, akakunja mikono ya gauni.